Bi Buku, Paka wa Nasaba

Mwaka ule vuli haikunyesha, na masika yakapita mbali kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Msitu ukakauka mpaka majani yakawa yanavunjika yakiguswa. Wanyama wakakubaliana jambo ambalo hawajawahi kukubaliana: kila mmoja alete akiba yake ya mtama, karanga na kunde, viwekwe katika pango moja liwe ghala, na Simba mfalme awagawie kibaba kimoja kila Ijumaa hadi mvua irudi.

Mpango ulikuwa mzuri, na waliousifu kuliko wote ni panya. Ijumaa ya tatu Simba aliingia ghalani akakuta magunia manne yamebaki maganda matupu. Kina mama waliokuja na watoto wao wakarudi na nusu kibaba.

Siku hiyohiyo alikuja Kadzonzo, paka mdogo wa msitu ule. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu ya nyuma na manyoya mafupi ya mabaka kama gome la mti. Akitulia, mtu angeweza kumkalia.

"Mfalme," alisema, "nipe kazi ya kulinda ghala. Sitaki posho. Nitakula haohao panya."

Simba alimtazama, ikabidi amtazame tena ndipo amwone. "Ghala la mfalme lilindwe na gome la mti? Wageni wakija watasemaje?"

"Watasema chakula kipo," Kadzonzo akajibu. Akaambiwa aende zake, akaenda.

Sungura alikuwa karibu. Huyu hakuwahi kusikia shida ya mwenzake bila kuona nafasi yake ndani ya shida hiyo. Akamsogelea mfalme, akainama mpaka masikio yakagusa chini.

"Mfalme amesema kweli. Ghala lako linataka paka wa nasaba. Sina haja ya kueleza, maana mfalme anawajua."

Simba hakuwajua. Lakini mfalme hawezi kusema hajui. "Nawajua sana," akasema. "Lete mmoja."

Sungura alikwenda moja kwa moja kwa Bi Buku, panya mkubwa kuliko panya wote, aliyekuwa akiishi peke yake chini ya kichuguu. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na si kwa shibe. Alikuwa mja mzito.

"Mimi niwe paka?" Bi Buku akauliza. "Paka nawakimbia maisha yangu yote."

"Ndiyo maana unawajua vizuri. Ghalani kuna karanga, Bi Buku. Na wewe sasa unakula kwa ajili ya wengi."

Hoja hiyo ilimgusa. Sungura akampaka ulimbo kuanzia kichwani hadi kiunoni, akambandika sufi nyeupe fungu kwa fungu, mpaka akawa kama wingu lenye macho. Sufi ikaisha kabla ya kufika mkiani, kwa hiyo mkia ukabaki kama ulivyoumbwa.

Wanyama wote waliitwa kumpokea, isipokuwa Kadzonzo. Sungura akasimama juu ya jiwe, akasimulia historia ya ukoo. Mababu wa paka huyu walitoka nchi ya barafu, akasema, ndiyo sababu ya manyoya marefu. Mmoja wao aliwahi kulala ndani ya kilemba cha sultani siku saba, na sultani akakaa siku saba bila kutikisa kichwa.

"Mkia wake mbona mtupu?" Simba akauliza.

"Ndiyo alama ya ukoo, mfalme. Manyoya hadi mkiani ni ya paka wa hovyo."

Simba akageuka kidogo, akautazama mkia wake mwenyewe, usio na kitu ila kishungi mwishoni. Akaridhika.

"Na mbona halii kama paka?"

"Waliozaliwa vizuri hawapayuki."

Bi Buku akapiga chafya kwa sababu ya sufi. Wanyama wakanong'onezana kwamba hata chafya yake ina adabu.

Kisha Sungura akataja matunzo. Paka wa nasaba hali nyama, maana nyama inaharibu manyoya. Apewe karanga zilizomenywa na mtama uliolowekwa, asubuhi na jioni. Asiguswe na maji. Asitazamwe akiwa anakula, atapoteza hamu. Na kuchanwa achanwe kila siku na yule tu anayejua kuchana, ambaye kwa bahati alikuwa Sungura mwenyewe.

Bi Buku akaingizwa ghalani. Panya waliokuwa ndani wakasimama kwa heshima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kuleni polepole, wanangu. Tumekuwa wengi."

Tangu siku hiyo Sungura aliingia ghalani kila asubuhi na kitana ndani ya kikapu, akatoka na kikapu kizito. Magunia yakaendelea kunywea. Simba alipouliza, Sungura alimweleza kwamba paka wa nasaba hakurupuki. Mwezi wa kwanza huwasoma adui zake. Simba akasema hilo pia alilijua. Kibaba cha Ijumaa kikawa robo, na watoto wa Paa wakaanza kutafuna magome.

Mlinzi wa mlango alikuwa Fisi. Yeye hakuwa na shaka. Alikuwa na njaa. Siku moja alishika kikapu.

"Kinaingia chepesi, kinatoka kizito. Kuna nini?"

"Manyoya yaliyochanwa."

Fisi akatia mkono, akatoa karanga. Akaitafuna taratibu akimtazama Sungura machoni.

Sungura hakubabaika. "Bwana Fisi, karanga moja itakufikisha wapi? Huyu paka karibu anazaa. Kila mtoto wa nasaba atatengewa kikapu chake cha matunzo, na kikapu hukaa kwa mlezi. Nitakupa mtoto mmoja umlee."

Fisi akapiga hesabu kwa vidole. "Wanne," akasema.

"Wanne. Ila wakizaliwa, usimwambie yeyote mpaka niseme mimi."

Bi Buku alijifungua asubuhi moja, watoto saba. Sungura alikuwa bado hajafika. Fisi, akiwa mlangoni, alisikia vilio vyembamba, na moyo wake ukamwambia kwamba anayetangulia kudai ndiye apataye wote. Akakimbia hadi kwa Simba huku mate yakimdondoka.

"Mfalme, wajukuu wa nchi ya barafu wamezaliwa. Nimekuja kuomba ulezi wa wote."

Simba alijaa fahari. Akaagiza kila mnyama aje kuwaona, hata Kadzonzo, apate kujifunza ukoo ni nini. Sungura alipofika na kikapu chake alikuta msitu mzima mlangoni, akajaribu kurudi alikotoka. Umati ukamsukuma mbele.

Watoto walilala kwenye maganda ya karanga, wekundu, bila unyoya, wenye mikia mirefu.

"Mbona wako hivi?" Simba akauliza kwa sauti ya chini.

Sungura akaficha kikapu nyuma ya mgongo.

Kadzonzo hakuuliza. Alinusa mara moja, akaruka. Kucha zake zikabeba fungu kubwa la sufi, na Bi Buku, nusu paka na nusu panya, akapenya kwenye ufa wa nyuma, watoto saba wakining'inia kwenye matiti yake. Fisi alidhani ile sufi ni nyama, akaimeza. Ulimbo ukambana taya, akanyamaza siku tatu, jambo ambalo msitu uliliona kuwa neema.

Shimo la Sungura lilifukuliwa, akiba aliyoibeba kikapuni ikarudishwa ghalani, na yeye akapewa kazi ya kuwachotea wote maji kutoka kisima cha mbali hadi mvua iliponyesha. Kadzonzo akabaki ghalani. Jua lilipotua hakukuwa na panya wa kumwamkia shangazi yeyote.

Simba alijisikia vibaya, lakini hakutaka kuonekana hivyo. "Bi Kadzonzo," akasema, "nadhani hata wewe una nasaba. Hebu tueleze."

Kadzonzo alifuta mdomo. "Mama yangu alikamata panya. Bibi yangu alikamata panya. Zaidi ya hapo sikuambiwa."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.