Aliyeketi Nafasi ya Sifuri

Wewe ukihesabu watu kwenye foleni, unaanza na ngapi? Moja, kama kila mwenye akili timamu. Kompyuta huanza na sifuri, na wala haikuombi radhi.

Basi palikuwa na wanafunzi watatu wa programu za kompyuta, huko Kondoa: Sikudhani, Tunu na Hidaya. Sikudhani alijaliwa ulimi: hata mzee mkaidi angemtajia jina lake na la babu yake. Tunu alijaliwa mkono: alichoandika, mashine ilikifuata. Hidaya alijaliwa jicho, ingawa siku hizo halikuona kingine ila bibi yake akipapasa kuta, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili.

Madaktari wa macho walipokuja, mwalimu wao, Bi. Mwashamba, aliwapa kazi ya kuwaita wagonjwa arobaini. Zawadi ni kompyuta mpakato moja, kwa atakayefaa zaidi.

Sikudhani akazunguka siku tatu, akarudi na majina arobaini, la kwanza la Mzee Mbaruku. Orodha ikafungwa.

Tunu akaandika programu ya kuyasoma majina kwenye spika, moja baada ya jingine.

Siku ikafika. Yakasomwa majina arobaini, wakaingia watu arobaini, makofi yakapigwa. Hidaya hakupiga. Bibi yake alikuwa bado kwenye benchi. Akaifungua programu, akakuta Tunu ameanza kusoma kutoka nafasi ya moja, na aliyeketi nafasi ya sifuri karukwa. Akabadilisha tarakimu moja tu. Spika ikamwita bibi. Daktari, aliyekwisha kuvua glavu, akaguna, akavaa nyingine.

Kesho yake bandeji zikafunguliwa. Bibi akamtazama mjukuu wake kwa kitambo, kisha akamuuliza mbona amekonda hivyo.

Ikabaki zawadi. Sikudhani akasema bila majina yake Tunu angeuita upepo. Tunu akajibu kwamba bila programu karatasi ya majina hayo ingeishia kufungia vitumbua. Ila wote wawili wakakubali: bila jicho la Hidaya, mtu angeachwa.

Bi. Mwashamba hakuwa mtu wa kumeza kila kitu. "Mwanangu, orodha ilikuwa ya watu arobaini, na walioitwa kabla ya bibi yako ni arobaini. Ulijuaje kuna aliyerukwa?"

Hidaya akainama. Angeweza kusema ni kipaji.

"Nilimchomeka bibi juu ya wote, orodha ikiwa imeshafungwa," akasema. "Nafasi ile ilikuwa ya Mzee Mbaruku. Nisingemsukuma, angerukwa yeye, na mimi ningepiga makofi kama ninyi."

Kompyuta ile pale mezani, na iko moja. Haya, wewe unayejua kuhesabu, ungemkabidhi nani?