Mpiga Tarumbeta Aliyeuliza kwa Niaba ya Rafiki

Kulikuwa na mpiga tarumbeta mmoja katika usharika wa kule milimani. Ukifa kule, uwe tajiri au uwe mtu wa kuazima jembe, wa mwisho kukupigia wimbo duniani ni yeye, mashavu yamemvimba kama maandazi. Watu walisema, "Yule akipiga, hata marehemu anafarijika." Sijui huyo marehemu alimwambia nani.

Masika yaliyopita mke wake alifariki. Akampigia yeye mwenyewe kaburini, halafu akarudi nyumbani, na nyumba ikawa kimya. Akawa anapika ugali wa mtu mmoja. Akina mama mnaopika mnajua, ugali wa mtu mmoja haupikiki. Ama unabaki, ama unaungua. Usiku hakulala, mchana hakuwa na hamu na lolote. Pole pole likamjia wazo kwamba afadhali afe, na wazo hilo likazoea kuja kila siku kama mgeni asiyepiga hodi.

Lakini alikuwa Mkristo wa utaratibu. Tangu abarikiwe kipaimara hakuwahi kufanya jambo lolote linalohusu usharika bila kuiuliza kamati. Sasa hili nalo lingehusu usharika, maana lingekuwa na maziko. Kwa hiyo Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana akaenda ofisini, akaikuta kamati ya maziko inatenga maturubai mazima na yaliyotoboka. Akavua kofia.

"Nina swali," akasema. "Si langu. Ni la rafiki yangu."

Ninyi mliokaa hapa, hamjawahi kuuliza swali la rafiki? Naona wengine mnatazama viatu.

Siku hiyo kamati ilikuwa na watu wawili. Mmoja ni mzee wa kanisa, mkali, ambaye watoto wakimwona kwa mbali walitema pipi. Wa pili ni mama mtunza sufuria, ambaye bila ufunguo wake hakuna msiba uliopikiwa chochote.

"Huyo rafiki yako ana shida gani?" akauliza mzee.

"Anauliza, mtu akijiua anakwenda wapi."

Mngetegemea waache maturubai, wamtazame usoni. Wapi. Walifurahi. Kamati ya maziko kila siku inaulizwa habari za viti. Leo imepata swali la dini.

"Motoni," akasema mzee. "Moja kwa moja. Amri inasema usiue. Haikusema usiue jirani tu."

"Mzee, polepole," akasema mama mtunza sufuria. "Je, kama dakika ya mwisho alijuta? Mungu anahitaji muda gani kusamehe?"

"Dakika moja haitoshi."

"Haitoshi kwako. Wewe ukitubu, kwaya inamaliza wimbo mzima bado umepiga magoti."

"Natubu kwa kina, mama."

"Unasinzia, baba. Tunakusikia."

Mpiga tarumbeta akageuza kofia mikononi. "Na maziko yake? Rafiki yangu angependa kujua."

Mzee akaeleza taratibu za kule kwao. Jeneza haliingii kanisani. Kengele haipigwi. Kaburi linachimbwa upande wa chini wa shamba, nyuma ya zizi, mbali na wazazi wake. Kwaya haiimbi.

"Na tarumbeta?"

"Tarumbeta ndiyo kabisa. Wewe mwenyewe unajua, hukuwahi kumpigia mtu wa namna hiyo."

"Ni kweli," akasema mpiga tarumbeta. "Sikuwahi."

"Na pilau?" akauliza mama mtunza sufuria.

Hapo mzee akakuna kidevu. Katika maandiko yote aliyokumbuka, pilau hakuiona.

"Maana watu watakuwa wametoka mbali," mama akaendelea. "Mtu amepanda gari tangu alfajiri, umrudishe na njaa kwa dhambi ambayo si yake?"

Basi kamati ikakubaliana: marehemu aende motoni, wafiwa wale pilau. Wakaona wamefanya kazi nzuri.

Mzee akakumbuka jambo. "Huyo rafiki yako ni wa usharika wetu?"

"Ni wa hapa hapa."

"Huwa anakuja ibadani?"

"Hajakosa Jumapili."

"Basi mwambie aache mchezo. Mtu anayekuja ibadani hawezi kuwa na mawazo hayo."

Wakafunga kwa sala. Mama akaenda zake na ufunguo wake. Mzee akachukua fimbo na kuanza kushuka kwake, na mpiga tarumbeta, ambaye kwake ni kupanda, akashuka naye. Mnajua tulivyolelewa. Huwezi kumwacha mtu mzima aende njiani peke yake kana kwamba hana watu. Akamsindikiza hadi kwenye mfereji.

"Basi, kijana, umefika mbali," akasema mzee. Kijana mwenyewe alikuwa na mvi. "Siwezi kukuacha urudi hivi hivi. Na mimi nikusindikize."

Wakapanda hadi dukani. Hapo mpiga tarumbeta akaona, je, ni adabu mzee ashuke peke yake? Wakashuka hadi mfereji. Mzee naye akaona, je, ni adabu? Wakapanda. Muuza duka alipowaona wanapita tena akatoka na kuwauliza kama kuna kitu kimepotea. Na njia nzima mzee hakunyamaza. Alikuwa amenogewa na mada. Alieleza moto ulivyo, akaeleza upana wake, hata mtu angesema aliwahi kupanga huko.

"Na ubaya wa kule," akasema, "huyo rafiki yako hatamkuta hata mtu mmoja anayemjua."

"Hata mke wake?"

"Kwani mkewe ni marehemu?"

"Tangu masika."

"Alikuwa mwamini?"

"Mzee, ulimzika wewe. Mchungaji alikuwa safarini, ukasimama wewe pale kaburini ukasema, huyu mama yuko kwa Baba. Nilikuwa napiga, ubeti wa pili pumzi ikanikatika, ukaja ukanishika bega."

Mzee akasimama. Fimbo ikamdondoka, hakuiokota. Akamtazama yule mtu kwa mara ya kwanza siku ile: shati lililofungwa vifungo kombo, macho ya mtu asiyelala, suruali iliyoshikwa kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Akaukamata mkono wa koti lake kwa mikono yote miwili.

"Rafiki yako ni wewe."

"Ni mimi."

Mzee akakaa chini kwenye majani, na kwa kuwa hakuachia koti, wakakaa wote.

"Mzee, niachie. Koti litachanika."

"Lichanike."

"Lakini si umesema nakwenda motoni? Moja kwa moja?"

"Nilikuwa nasema habari za mtu nisiyemjua."

"Sasa unanijua. Nakwenda wapi?"

Yule ambaye dakika chache nyuma alijua moto hadi upana wake, sasa machozi yakamtoka, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, yakashuka hadi kwenye ndevu bila kufutwa.

"Unakwenda kwangu," akasema. "Mke wangu amepika ndizi. Leo unalala kwetu, na asubuhi tunakwenda hospitali mimi na wewe, tumwambie daktari kwamba hulali na yale unayoyawaza. Na mchungaji nitamwita mimi."

Wakashuka. Hapakuwa na mjadala tena wa nani amsindikize nani, maana mzee hakuachia koti. Hata mezani hakuachia. Mpiga tarumbeta akala ndizi kwa mkono mmoja, na mke wa mzee akadhani wamegombana.

Wapendwa, sisi ni kamati hiyo. Mimi sikusoma sana, shule niliiacha njiani, na sikusimama hapa kufuta amri hata moja. Uhai ni wa Mungu. Kuutupa ni vibaya, na anayefikiri kuutupa ni mgonjwa wa moyo anayehitaji kushikwa leo, si kesho. Lakini niwaulize. Kwa nini tukisikia "mtu fulani amejiua" tunajua upesi hivyo alikokwenda? Wa mtaa wa pili tunamjua yuko motoni. Wa kijiji jirani, motoni. Akiwa ni kaka yako je? Akiwa ni mtoto uliyemnyonyesha? Hapo sote tunasahau njia ya kwenda huko, tunabaki kusema, Bwana, wewe unajua.

Mzee yule alikuwa mkali kwa asiyemjua, na alipomjua, mikono yake ilikataa kumwachia. Sasa niambieni, ni nani ambaye Mungu hamjui? Ni nani aliyewahi kwenda mbele zake kama "rafiki wa mtu"? Kama mzee mwenye mikono dhaifu hakuachia koti, sisi tunapata wapi ujasiri wa kutangaza kwamba Mungu ameachia?

Wako humu ndani waliomzika mtu wao nyuma ya zizi, bila kengele. Mimi sijui hukumu yake, na wewe uliyewaambia unajua, hujui. Nendeni mkakae nao. Msiende na maelezo.

Na wewe uliyekuja leo na swali la rafiki yako, usilipeleke kwa kamati. Mshike mtu mmoja mkono, umwambie ni wewe. Hatutaanza na moto. Tutaanza na chakula, na kukupeleka kwa daktari.

Ibada ikiisha, msikimbilie nje. Mgeukie aliyekaa kushoto kwako, umuulize amelalaje. Atakujibu "salama", maana wote tunajibu hivyo. Usiondoke. Muulize tena.