Waya Uliofunga Sufuria

Mbacha ni mkeka wa kuswalia uliochakaa. Kingo zimefumuka, rangi imepauka, na mahali pa magoti pamebaki nyuzi tupu. Msala ni mkeka mzuri, lakini si wako. Wahenga waliotukataza kuacha mbacha kwa ajili ya msala hawakusema kwamba msala ni kitu kibaya. Walisema unapita. Neno hilo ndilo lenye uzito, na ndilo watu wengi hulisahau. Kaluba Musonda wa Luanshya alilisahau pia, ingawa alikuwa mtu wa akili timamu na mikono yenye kujua kazi.

Kaluba alikuwa fundi wa pampu mgodini. Mkewe, Chilufya, alifariki miaka miwili kabla ya mambo haya, akamwachia binti mmoja, Chisanga. Nyumba ikawa kimya. Kilichoichangamsha kidogo ni projekta ya mitumba iliyokuwa juu ya kabati sebuleni. Kaluba alikuwa ameupaka ukuta chokaa nyeupe, na kila Jumapili wanaume wa mtaa walikuja kutazama mpira mkubwa kama ukuta wenyewe. Picha ilitoka kwenye kompyuta ikafika kwenye projekta kwa waya wa HDMI, mweusi, mnene kama kidole cha mtoto, wa mita kumi. Waya huo ulikatiza mlangoni. Kila mgeni alijikwaa. Jirani yake Jere aliwahi kuanguka nao, munkoyo yote, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, ikamwagika kifuani, akautukana waya, fundi aliyeutengeneza na mama wa fundi huyo. Lakini haukugoma hata siku moja, na labda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuusifu.

Wiki mbili kabla ya ndoa ya Chisanga, Kaluba alikwenda Kitwe kununua viti. Dukani akaonyeshwa kidude kidogo kama kiberiti. Unakichomeka nyuma ya projekta, akaambiwa, na picha itaruka hewani yenyewe kutoka kwenye kompyuta. Alirudi nacho mfukoni akitabasamu peke yake ndani ya basi. Projekta yake ilikuwa na tundu moja tu la picha, basi akachomoa waya, akachomeka kidude. Nyumbani hapakuwa na mtandao, kwa hiyo kompyuta na kidude viliunganishwa kwa simu yake, ikawa ndiyo mshenga kati ya viwili hivyo. Akaweka mechi ya zamani. Ukuta ukajaa wachezaji, na sakafuni hapakuwa na kitu cha kumwangusha mtu. Siku hiyohiyo aliuviringisha waya akautia kwenye pipa la taka.

Dada yake mkubwa, Ng'andwe, alikuja jioni kupanga mambo ya harusi. Alipita kwenye pipa, akasimama, akauvuta waya nje.

"Huu umekosa nini?" aliuliza.

"Umezeeka, dada. Wakati wake umepita."

"Mimi nina miaka sitini na minne. Na mimi utanitia humu?"

"Wewe huenei."

Ng'andwe hakucheka. Aliuzungusha waya mkononi kama anayekunja uzi wa kufumia, akasema hakosi cha kufungia, akaondoka nao.

Sasa, projekta hiyo haikuwa ya mpira tu. Chilufya alipojua kwamba saratani haitamwacha afike harusini kwa bintiye, alimwita mpiga picha wa harusi mwenye kamera kubwa, akaketi jikoni kwake, akamtoa mumewe nje, akasema kwa dakika kumi na saba. Yalikuwa maneno ambayo mama humpa binti siku ya sherehe ya jikoni, siku wanawake wanapomfunda bibi harusi na kumkabidhi vyombo. Aliacha masharti mawili. La kwanza, filamu ionyeshwe mbele ya wanawake wote, kubwa, kila mtu aone. Alisema mafundisho yasiyo na mashahidi ni umbea. La pili lilimhusu Kaluba.

"Wewe usitazame hata kidogo," alimwambia. "Hayo si ya masikio yako."

Kaluba aliahidi, na ahadi kwa mtu aliye kwenye kitanda cha mauti haichezewi. Kwa hiyo alipokijaribu kidude chake, alikijaribu kwa mpira, si kwa filamu. Mechi ile ilikuwa nyepesi, ya picha za kawaida. Filamu ya Chilufya ilipigwa kwa kamera inayoonyesha hata uzi wa kitambaa cha kichwa, na uzito wake ulikuwa kama mechi ile mara kumi. Tena alikijaribu kidude akiwa peke yake nyumbani, simu ikiwa mezani. Mwanamke yeyote wa mtaa angeweza kumjaribia filamu yenyewe. Hakumwomba hata mmoja, kwa kuwa alikuwa na hakika, na mwenye hakika haulizi.

Jumamosi ya sherehe ikafika. Nyuma ya nyumba liliwambwa turubai zito juu, pembeni yakaning'inizwa mablanketi kuzuia jua, na ukuta wa nyuma ukapakwa chokaa. Wanawake walikuwa kama sitini, kila mmoja na kitenge chake na simu yake. Chisanga aliketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kichwa kimefunikwa. Mbele yake zilipangwa zawadi: mafuta, miiko, ungo, na furushi kubwa la sufuria kutoka kwa shangazi yake Ng'andwe. Kesho yake ilikuwa ndoa, kisha safari ya Solwezi kwa mumewe. Wanawake wale wasingekutanika tena pamoja kwa ajili yake.

Kaluba aliweka projekta na kompyuta, akaifungua filamu bila kuitazama, akamwonyesha mke wa Jere kitufe cha kubonyeza. Mama Jere alikuwa Mngoni, na Mngoni na Mbemba ni watani tangu vita vya mababu. Alikuwa ndiye mlinzi wa geti, ameshika mwiko mrefu.

"Toka, Mbemba," alimwambia. "Mwanamume akikutwa humu faini ni kuku wawili, na ninyi mlivyo wala nyani, kuku mtawatoa wapi?"

"Naona panya wamekwisha shambani kwenu, ndiyo maana unavizia kuku wangu," alijibu Kaluba, akatoka. Mwiko ulimpata mgongoni.

Alivuka barabara, akapita nyumba tatu, akaketi kwa Jere pamoja na wanaume wengine. Ngoma zilisikika, vigelegele vikapanda, halafu kila kitu kikanyamaza. Kaluba alijua kwamba wakati umefika. Aliinama akazitazama ncha za viatu vyake. Kisha simu ikaita kwenye mfuko wa shati. Alikuwa Mama Jere, akamwambia kwamba ukuta ni mweupe, hakuna picha wala sauti.

Kaluba alitaka kuuliza kama wamebonyeza sawasawa. Mkono wake ukabaki umeishika ile simu, akaelewa. Mshenga alikuwa ameondoka naye.

Alikimbia kama aliyeibiwa. Mama Jere alimpokea getini na hakuthubutu kumfungulia, kwa hiyo simu ilipitishwa kati ya vyuma. Baada ya muda Kaluba alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. Ilisema, "Chi," ikakatika. Ikasema, "Chisa," ikakatika tena, kama mtu anayekabwa. Alishika vyuma vya geti kwa mikono miwili.

Mama Jere alirudi bila utani. Alieleza kwamba uso wa marehemu unaganda, mdomo unakwenda huku na macho kule, halafu vipande vinavurugika. Kaluba aliagiza wanawake wote wazime simu zao, maana hewa ilikuwa imejaa mawimbi yake. Walizima. Picha ikatembea hatua tatu, ikakwama. Mmoja akashauri waizunguke kompyuta yenyewe. Ng'andwe akakataa, akisema kwamba watu sitini hawawezi kutazama kitu kisichozidi sinia, wa nyuma wataona visogo tu, na Chilufya alitaka mashahidi, si visogo. Mwishowe akaja getini mwenyewe.

"Chisanga analia chini ya kitambaa," alisema. "Nimesema izimwe. Sitamwacha wifi yangu ageuzwe kioja ukutani mbele ya mwanawe. Kama huna njia nyingine, tunaendelea bila yeye."

Kwa fundi, kuna maneno ambayo ni machungu kuliko shubiri.

"Njia ilikuwapo," Kaluba alisema. "Ule waya. Waya haujali ukubwa wa filamu, wala simu, wala mimi niko wapi. Ningekuwa nao, mngechomeka ncha mbili, basi."

"Ule niliouokota kwenye pipa?"

"Huo."

Ng'andwe aligeuka kuelekea kwenye mablanketi. "Umefunga sufuria zangu," alisema. "Ziko miguuni pa mwanao."

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa mila yao, furushi la sufuria hufunguliwa na bibi harusi mwenyewe, nyumbani kwake, siku ya kwanza anapoinjika chungu. Kulifungua kabla ni kama kuonja chakula cha mgeni. Mama Jere alilikumbusha hilo kwa sauti ya chini.

"Fundo nililifunga mimi, na nitalifungua mimi," alijibu Ng'andwe. "Mama yake ndiye chungu cha kwanza."

Kaluba alisikia sufuria zikigongana nyuma ya mablanketi, kisha dada yake akauliza kwa kupaza sauti afanye nini. Alimwelekeza akiwa ameegemea geti: chomoa kidude nyuma ya projekta, weka ncha moja hapo, ncha ya pili ubavuni mwa kompyuta, na kama haiingii igeuze, usilazimishe. Aliuliza kama ncha hazijapinda. Ng'andwe akajibu kwamba alizivisha nailoni za mkate zisikwaruze sufuria, na kwamba yeye huwa hatupi kitu wala haharibu.

Halafu wanawake wakavuta pumzi wote kwa pamoja, kama mtu mmoja.

"Chisanga, mwanangu," ilisema sauti ya Chilufya, nzima, tulivu, sauti ya mtu aliyeketi jikoni kwake. "Nyoosha mgongo. Najua umeinama."

Vigelegele vilipasuka hadi mbwa wa mtaa wakaanza kubweka. Kaluba alitamani kusikia neno moja zaidi, moja tu. Lakini aliahidi. Aliziba masikio kwa viganja, kama mtoto anayeogopa radi, akavuka barabara hivyohivyo, na dereva mmoja akapiga honi asiisikie.

Jua lilipokuwa linazama, Ng'andwe alimfuata kwa Jere, amebeba kiatu kimoja mkononi kwa kucheza kupita kiasi. Aliketi, akaomba maji, akanywa yote.

"Alikutaja," alisema.

"Alisema nini?"

"Hayo si ya masikio yako."

Kaluba alicheka, halafu machozi yakamlenga, halafu akacheka tena. Alipotulia, aliuomba waya wake. Dada yake akamwambia alete kwanza kamba ya sufuria, tena nzuri, maana bintiye hawezi kwenda Solwezi na sufuria zinazoning'inia kama za mchuuzi. Sherehe ilikuwa imekwisha, basi wakarudi pamoja, na Kaluba akaingia stoo kwake. Alileta kamba mpya ya katani aliyokuwa ameiwekea akiba kwa ajili ya pampu. Ng'andwe akafunga furushi upya mbele yake, na fundo lilikuwa lilelile.

Kidude hakukitupa. Kilikuwa na kazi yake siku za mechi nyepesi, nyumba ikiwa haina watu wengi, na yeye mwenyewe akiwapo. Lakini waya ulirudi mahali pake, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye projekta, ukikatiza mlangoni. Jumapili iliyofuata ile ya ndoa Jere alijikwaa, akautukana kama kawaida yake, akauliza utatolewa lini.

"Ruka," Kaluba alimwambia. "Miguu unayo."

Na kila aliyeuruka waya ule akiingia sebuleni, na aliyejikwaa pia, aliikumbuka siku ile na maneno ya wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.