Zimwi Lililongoja Mwishoni mwa Shamba

Sogeeni, wenzangu, niwapeleke mlimani.

Zimwi lililomiliki chemchemi liligawa maji kwa zamu, kisha likangoja mwishoni mwa shamba. Likikuta maji yamefika huko bure, lilimmeza mwenye shamba na jembe lake. Lilikwisha kumeza watatu.

Zamu ikamfikia Aikande, mjane mwenye migomba. Akachimba kishimo kuzunguka kila shina, akatandaza majani makavu, akafungua mfereji kidogo tu. Zimwi likalamba mwisho wa shamba: vumbi. Siku ya pili, vumbi. Ya tatu, vumbi.

“Mama, maji yangu umeyaficha wapi?”

Aikande akaliangushia mkungu ulioiva. “Yamo humu. Kula.”

Zimwi likala, likashiba kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe. Likamkabidhi mama lango la mfereji, likaenda kulala.

Mpaka leo halijaamka, na migomba ile haijakauka.