Hasimu Aliyeusiwa Mtoto

Ndugu zangu, sogeeni mbele, walio juani nao wapate nafasi. Leo nataka kukupigieni mfano wa kijana mmoja yatima.

Mama yake alifariki akimzaa, na baba akamfuata kabla mtoto hajajua kutambaa. Akalelewa na jirani yao, mzee mkulima wa mikarafuu, mtu wa maneno machache. Mzee hakumficha nasaba yake. Alimfundisha kutaja jina la baba yake mzazi, na kila Ijumaa walikwenda wote kaburini kumwombea. Lakini kijana akiuliza, "Baba, wewe na marehemu mlijuanaje?" mzee hujibu, "Tulikuwa majirani, mwanangu," kisha huyo, ameinuka kwenda kutazama ng'ombe.

Kijana akakua, akafika umri wa kuoa. Siku moja, msimu wa karafuu, ami yake, ndugu wa baba yake mzazi, akamvuta pembeni ya jamvi.

"Wewe si mtoto tena," akamwambia. "Huyo unayemwita baba alikuwa hasimu wa baba yako. Walifikishana kwa kadhi kwa mpaka wa shamba, na hawakusalimiana tena hadi ndugu yangu akaingia kaburini. Leo shamba la baba yako analilima nani? Kwani mtu hulea mtoto wa hasimu wake bure?"

Mngeambiwa hayo nyinyi, chakula kingeshuka? Chake hakikushuka. Alimtazama mzee akimmegea muhogo, akimchagulia kipande laini kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza maishani akajiuliza mkono ule unataka nini kwake.

Asubuhi akaaga kwamba anakwenda mjini kumtazama rafiki. Uongo. Alikwenda kwenye ofisi yanakohifadhiwa mafaili ya ardhi na wasia za zamani, akaomba kesi ile ya mpaka.

Akasoma. Kumbe ni kweli. Baba yake alidai kuwa jiwe la mpaka limesogezwa, na kipande chake cha shamba kimemezwa. Lakini shahidi hakuwa naye. Na mnajua sheria yetu: mdai akikosa ushahidi, mdaiwa huapa, na akiapa kesi imekwisha. Kadhi akamwambia mzee, aliyekuwa bado kijana wakati huo, "Apa, uende zako." Naye, mbele ya watu wote, akajibu: "Siapi. Jiwe alilisogeza marehemu baba yangu. Mimi nilikuwa mtoto, nikamsaidia kulibeba. Kipande kile ni chake."

Kijana akafunga faili, akalifungua tena. Kama mzee alikirudisha kipande kile, mbona leo shamba zima liko mikononi mwake? Akaomba wasia wa baba yake.

Ulikuwa mfupi. "Mimi naondoka, na mtoto wangu angali mchanga. Ndugu zangu nawapenda, lakini nawajua. Mtoto huyu na shamba lake namkabidhi hasimu wangu, jirani yangu wa mpakani. Hatusemezani. Lakini nilimwona kwa kadhi akisema kweli dhidi ya baba yake mzazi na dhidi ya tumbo lake, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua kweli ile. Mtu kama huyo hatomdhulumu mwanangu. Mwambieni anisamehe kwa kumnyima salamu; kiburi kilinizuia."

Na katika kumbukumbu za ardhi shamba lile, tangu baba yake alipofariki hadi leo, lilikuwa kwa jina la kijana mwenyewe.

Alirudi akamkuta mzee uani anachambua karafuu. Akapiga magoti.

"Baba, nimetoka kusoma faili la kesi na wasia. Nilikwenda kukutafutia hatia."

Mzee akauliza, "Ami yako?"

"Ndiye."

"Usimchukie. Ni damu yako."

"Lakini kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekwambia nini? Ungekua ukinishukuru, mwanangu. Mimi sikutaka mtoto wa kunishukuru. Nilitaka mtoto wa kunidekea."

Kijana akalia. Halafu akauliza lile lililobaki: "Na nyinyi wawili, mlipatana?"

Mikono ya mzee ikasimama juu ya karafuu. "Nilipopata habari nilikimbia. Nikamkuta keshakoshwa, keshavishwa sanda. Nikamtolea salamu hivyo hivyo. Ndipo wakanipa wewe, umefungwa kanga ya mama yako, ukanishika kidole. Nikasema, basi, huyu ndiye kaitikia."

Ndugu zangu, sisi tukitaka kumjua mtu, tunawauliza marafiki zake. Tukipekua mafaili ya wazee wetu, tunatafuta nani wa damu yetu aingie na nani si wa damu yetu atoke. Marehemu yule alikuwa na ndugu wa damu, na alipofika ukingoni akawaruka wote, akamwendea mtu asiyesemezana naye. Kwa nini? Kwa sababu siku moja tu, mahakamani, alimwona akichagua haki kuliko mali.

Basi leo nisikuulizeni nani anakupendeni. Kila mmoja wetu hapa anaye mtu wa mpakani, mtu wa kesi, mtu wa kununiana. Mtie moyoni sasa hivi, jina lake unalijua. Mtu huyo, mauti yakimfika leo naye ana mtoto anyonyaye, atamtazama mtoto wake, akutazame na wewe, na aseme, "Mpeni huyu," kisha afumbe macho kwa amani?

Simameni, tunyooshe safu.