Onyo Lisilo na Shahidi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi muuza siki aitwaye Muthanna, mtu wa sala na saumu. Ukuta wa ua wake ulikuwa kando ya njia, na baada ya mvua kubwa ukaanza kuinama. Jirani yake, Wahbu, akaliona hilo. Desturi ya mji ilikuwa kumwonya mwenye ukuta mbele ya mashahidi, lakini Wahbu hakutaka kumwaibisha jirani. Akamjia peke yake baada ya Alasiri.

"Ndugu yangu," alisema akitabasamu, "ukuta wako umeshaanza kurukuu, na adhana bado."

Muthanna akacheka. "Uache na ibada yake. Nikimaliza kukamua zabibu nitaubomoa."

Zabibu zikaisha. Ukuta ukabaki vile vile. Asubuhi moja Wahbu akapita na mzigo wa kuni, ukuta ukamwangukia, akafa.

Mjane wake, Bi Rumaitha, akashtaki kwa kadhi. Tangu hapo Muthanna akisimama kusali alisahau yuko rakaa ya ngapi. Alijua kwamba kwa sheria yao mwenye ukuta hadaiwi damu ya mtu ila awe ameonywa. Na aliyemwonya yumo kaburini.

"Nyamaza tu, shemeji," Dahmani, kaka wa mkewe, alimwambia njiani kwenda kwa kadhi. "Ni kadari. Kwani wewe ndiye uliyeusukuma?"

"Sikuusukuma."

"Basi mbona unatetemeka kama mwizi wa kuku?"

Kadhi akauliza nani alisikia mtu huyu akionywa. Kisha akamgeukia Bi Rumaitha.

"Nawe mama, huna shahidi?"

"Sina, ewe kadhi. Mume wangu hakuwa mtu wa kusema aibu za watu, hata kwangu mimi."

"Basi mshtakiwa aape kwamba hakuonywa, aende zake."

 Dahmani akamkonyeza Muthanna. "Apa, bwana, tukasali!" sauti moja ikadakia nyuma. Muthanna akamtazama mjane. Kisha akasema:

"Siapi. Nilionywa. Alinijia peke yake ili kunisitiri, nami nikafanya mzaha. Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, uzembe ni wangu."

Kadhi akamhukumu kulipa diya, fidia ya damu, na kufunga saumu ya kafara. Muthanna akaitikia kwa kichwa. Alipogeuka, Bi Rumaitha alikuwa amesimama mbele yake.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema polepole. "Lakini kila aliyekuja matangani aliniambia kadari, kadari, kisha akaondoka. Leo mtu mmoja amenijibu."

Enyi ndugu zangu, tumwogope Mola wetu katika yale tunayoyaahirisha. Na tukienda kumpa pole aliyefiwa kwa sababu yetu, tukumbuke kwamba kadari anaiamini kabla hatujabisha hodi. Anachokingoja kwetu ni ukweli.