Rambirambi za Ambokile

Shilingi ni bubu, ulimi wake wino. Mmemsikia mwenye duka akimwambia hivyo yule binti aliyetupa risiti yake mlangoni, mkacheka, na sasa mnaniuliza nani aliyesema kwanza. Msiutafute mwanzo wake kwa wahenga wa kale. Maneno haya yalianzia Tukuyu, simu zikiwa zimeshaingia kila nyumba, kwa mjane mmoja aliyekuwa akifuma nguo za watoto wachanga. Yalianza hivi.

Mjane huyo aliitwa Tusekile. Alifuma kofia, soksi na masweta madogo ya sufu, akayapanga juu ya shuka nyeupe, akayapiga picha na kuyatangaza mtandaoni. Watu wa Dodoma, Mwanza na hata Mtwara kwenye joto walimwandikia, wakalipa kwa simu, naye akawatumia mizigo yao kwa basi. Hakuwahi kumwona mteja hata mmoja. Yeye na mumewe Ambokile hawakujaliwa mtoto, lakini hakukuwa na siku ambayo hakuwa na kisoksi cha mtoto mkononi.

Ambokile alipokuwa hai, akitoka kwenye kazi yake ya ufundi, yeye ndiye aliyepeleka mizigo stendi na kununua nyuzi Mbeya. Hakuandika chochote. Alikuwa na kichwa cha ajabu: ungemuuliza nyuzi za bluu zilinunuliwa bei gani mwaka juzi mwezi wa tatu, angekutajia, na nauli ya siku hiyo juu yake. Wakila chakula humweleza mkewe kilichoingia na kilichotoka, wanacheka, yamekwisha. Basi Tusekile hakuona haja ya daftari.

Kisha Ambokile akaugua kifua wiki mbili, akafa, na hesabu zote akaenda nazo.

Baada ya matanga watu walirudi makwao. Tusekile alibaki na sindano zake na mvua ya Tukuyu, ile isiyojua kupumzika. Alifuma kuliko zamani, kwa sababu mikono ikisimama mawazo yanakuja. Kuna siku alizopitisha bila kusikia sauti ya mtu ila ya karani wa ofisi ya mizigo akimuuliza unakwenda wapi huu. Wateja wengine walimtumia picha za watoto wao wamevaa kofia alizozifuma. Alizitazama sana. Simu ilipojaa alizifuta, na ujumbe wa malipo akaufuta pamoja nazo, apate nafasi ya kupiga picha za bidhaa nyingine. Risiti za nyuzi aliwashia jiko. Kuandika ni kama kumsimulia mtu, na yeye hakuwa tena na mtu wa kumsimulia.

Mwaka wa pili ukielekea ukingoni aliitwa ofisi ya kodi. Hakuogopa. Alivaa vizuri, akaenda, akapokelewa na afisa kijana mwenye adabu aitwaye Mabula, mtu wa kutoka Usukumani. Mabula alimwamkia, akampa kiti, akamweleza kwamba anayeuza mtandaoni naye ni mfanyabiashara kama mwenye duka, na kwamba kodi hukadiriwa kwa faida: mapato ukitoa matumizi. Akamwomba daftari la mapato na matumizi. Tusekile akasema hana. Akamwomba risiti. Hana. Basi Mabula akatandika mezani karatasi za miamala yote iliyoingia kwenye simu ya Tusekile, akaanza kuzipitia kwa rula, mstari kwa mstari. Jumla ya pesa ilikuwa milioni tisa na ushee.

Alipofika katikati rula ikasimama.

"Mama, tarehe kumi na nne mwezi wa tano uliuza sana. Watu thelathini na mmoja kwa siku moja. Kulikuwa na nini?"

Tusekile akainama kuisoma ile tarehe.

"Siku hiyo nilikuwa nazika," akasema.

Mabula akaiweka rula chini. Akampa pole, na Tusekile akaona kwamba pole ile ilitoka moyoni. Akamweleza kijana yule kuwa hao ni ndugu, marafiki na mafundi waliofanya kazi na mumewe, waliokuwa mbali wakashindwa kuja, wakatuma rambirambi kwa simu ileile anayopokelea malipo ya masweta, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Jumla yake ilikuwa karibu milioni mbili. Kwenye karatasi zilikaa sawasawa na pesa za soksi.

"Mimi nakuamini," Mabula akasema. "Lakini kiti hiki si changu. Kesho naweza kuhamishwa, atakuja mwingine afungue faili lako, na yeye ataona tarehe na kiasi tu. Shilingi ni bubu, mama. Haiwezi kumwambia imeletwa na msiba au imeletwa na sweta."

Akampa siku thelathini alete uthibitisho: kila aliyetuma rambirambi aandike na kutia saini, na kila risiti ya nyuzi na nauli inayoweza kupatikana ipatikane.

Hapo ndipo Tusekile alipojua upweke wake una kina gani. Ilimbidi awapigie simu watu thelathini na mmoja ambao hakuwa amezungumza nao tangu kaburi lifunikwe. Wanne namba zao hazikuwapo tena. Mmoja alikuwa amekufa, na mwanawe ndiye aliyepokea. Mwingine wa Kahama alimkatiza kabla hajamaliza salamu, akasema hali ni ngumu, mwezi huu hana cha kumsaidia. Tusekile akamweleza kuwa haombi pesa, anaomba maandishi tu. Yule bwana akaona haya, akaahidi, asiandike. Fundi mmoja mzee wa Makambako alilia kwenye simu, akamsimulia jinsi Ambokile alivyowahi kutembea naye usiku kucha wamebeba jenereta begani. Tusekile hakuwa amekisikia kisa hicho. Akakisikiliza mpaka mwisho, salio likakata.

Jina aliloliacha nyuma ya yote lilikuwa la wifi yake, Tumpe, dada wa Ambokile, aliyekuwa Sumbawanga. Wakati wa msiba Tumpe alikuwa amelazwa, hakuja kumzika kaka yake. Alituma laki tatu, na ndiyo iliyokuwa rambirambi kubwa kuliko zote. Tusekile hakumjibu, wala hakukumbuka kama aliuona ujumbe ule siku hiyo. Baadaye Tumpe naye akanyamaza, Tusekile akahesabu kwamba ukoo wa mumewe umemtupa kwa kuwa hakuwazalia.

Siku ya ishirini na sita alipiga. Tumpe aliitikia salamu kwa sauti kavu, akasikiliza shida yote bila kuingilia.

"Kumbe zilifika," akasema.

"Zilifika, wifi."

"Miaka miwili. Niliuza mahindi yangu mabichi shambani nipate zile pesa, nikiwa nimelala kitandani. Nikangoja hata neno. Nikasema, huyu ameniona sina maana, kaka hayupo, basi na mimi sipo."

Tusekile alitaka kueleza juu ya kilio, juu ya simu iliyojaa, juu ya kichwa cha Ambokile. Mwishowe akasema tu kwamba hakuandika mahali, na kisichoandikwa kilimpotea, na yeye amepotea nacho. Tumpe akakata simu. Lakini siku ya tatu barua ikafika kwa basi, imetiwa saini, ina mistari miwili na haina salamu.

Kati ya wale thelathini na mmoja, ishirini na wawili waliandika. Muuza nyuzi wa Mbeya alikuwa na nakala za risiti chache, akazitoa. Nauli za mizigo hazikupatikana hata moja. Mabula alipunguza kwenye mapato alichoweza kupunguza. Rambirambi za wale tisa zilibaki kwenye mapato, na Tusekile akazilipia kodi kama soksi, kidogo kidogo, miezi saba. Hakumlaumu yule kijana. Kilichomuuma ni kwamba kaburi la mumewe lilikuwa limegeuka siku ya mauzo, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa vinginevyo.

Siku aliyotoka kulipa mara ya kwanza alinunua daftari gumu la mistari. Juu ya jalada aliandika maneno ya Mabula, *Shilingi ni bubu*. Akayatazama, akaona yamekaa kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Akaongeza: *ulimi wake wino*. Tangu hapo kila kilichoingia alikiandika, tarehe, kiasi, kimetoka kwa nani na kwa ajili ya nini. *Dodoma, kofia mbili, mapacha.* Kila kilichotoka vilevile, hata bando la simu, na risiti akaibandika ubavuni kwa gundi. Akimaliza kuandika husoma kwa sauti, kama Ambokile alivyokuwa akimsomea kutoka kichwani. Nyumba ilibaki na mtu mmoja, ila haikuwa bubu tena.

Kwenye ofisi ya mizigo alilifungua lile daftari kaunta kila siku, na wauzaji wenzake wa mtandaoni waliopanga foleni nyuma yake wakasoma jalada. Wakaanza kuambiana wao kwa wao, anayetupa risiti akaambiwa, anayefuta ujumbe akaambiwa. Maneno yakapanda mabasi pamoja na mizigo.

Mwaka ulipokwisha alilipeleka ofisi ya kodi. Mabula alikwisha hamishwa kweli. Kwenye kiti chake alikaa mwanamke ambaye hakumjua Tusekile wala kusikia habari za Ambokile. Akafungua, akapitisha rula, mstari kwa mstari. Mwezi wa nane rula ikafika hapa: *Kutoka kwa wifi Tumpe, Sumbawanga, elfu ishirini. Si biashara. Kunijulia hali. Nimemjibu siku hiyohiyo.*

Yule afisa alisoma, akavuka, akaendelea na mstari wa chini. Hakuuliza kitu.

Ndiyo maana wanasema, wanangu: shilingi ni bubu, ulimi wake wino.